Mwaka wa Siku Nne

Mlango wa benki ulikuwa wa vioo, wa kuzunguka, na adhuhuri ile ya mwisho wa mwezi uligoma kuzunguka. Ndani yake walinaswa wawili: mwanaume mwenye kifua kama kabati, shati jeupe limemganda mgongoni, na msusi mwenye gauni la njano, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. Foleni nzima ikawatazama.

"Kaka, punguza kupumua, hewa ni yetu sote," alisema msusi.

"Samahani, dada. Umbo hili sikulichagua."

Mpaka mlango unafunguliwa, walishapeana namba za simu.

Mwanaume alikuwa mtafiti wa nyota chuoni. Baada ya miezi michache walikuwa wamependana kufa na kuoza, na siku moja mgahawani alimweleza msusi kilichokuwa kikimkosesha raha. Kuna nyota iliyokuwa ikiyumba kidogo, kana kwamba kitu kikubwa kinaizunguka na kuivuta.

"Kwa hesabu ni jitu la sayari, na mwaka wake ni siku nne tu. Yaani limeikumbatia nyota. Haiwezekani. Majitu hukaa mbali, kwenye baridi. Mkuu wangu anasema darubini yetu ni mbovu."

"Nani alikwenda akaona haiwezekani?"

"Hakuna. Kila mtu anajua hivyo."

"Basi hamjui, mpenzi."

Simu ya mtafiti ikaita, kama ilivyoita kila walipokaa pamoja. Ni mama yake, mjane, ambaye mtafiti bado alikuwa akiishi nyumbani kwake.

"Niko peke yangu, mama. Nakuja sasa hivi."

Msusi akaweka kijiko chini. "Peke yako?"

"Mama ana presha. Nitamwambia taratibu."

"Kila siku taratibu. Mimi si wa kufichwa, na siolewi ndani ya nyumba ya mama yako niwe naomba ruhusa ya kutoka. Ukipata mlango wako mwenyewe, nipigie."

Mtafiti alipiga kila siku. Msusi alitamani sana kuisikia sauti yake, lakini hakupokea. Siku aliposhindwa kuvumilia alikuwa na mteja kitini, mikono imejaa mafuta, akaiweka simu kwenye spika.

"Kipenzi, ni sayari kweli. Darubini nyingine imeona vilevile. Tunadhani ilizaliwa mbali, ikasogea polepole mpaka ikanaswa. Upande mmoja unaitazama nyota daima, unaungua."

"Inaweza kutoka?"

"Haiwezi."

"Na wewe?"

Kabla hajajibu, kwa nyuma mama yake akauliza, "Unaongea na nani, mwanangu?"

Vidole vya msusi vikasimama.

"Na mchumba wangu, mama."

Machozi yakamlenga msusi. Furaha ilimjia ghafla, akatamani kukimbia na aproni yake hivyo hivyo.

"Si umlete?" mama alisema. "Chumba cha nyuma nilishakifagia zamani. Nilikuwa nangoja useme tu."

Msusi alisubiri. Alimsikia mtu wake akishusha pumzi, kama aliyetua gunia.

"Umesikia, mpenzi? Kumbe tulikuwa tunateseka bure. Kina hata dirisha."

Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma.

"Hongera kwa sayari yako," alisema, akakata simu.

Mteja, nusu ya kichwa chake bado haijasukwa, alimshika mkono. Msusi akachukua kitana, akagawa nywele. Mstari ukatoka umepinda, akaurudia.