Aliyecheza Upande wa Pili wa Mabati

Mwaka wa tisini na nane, Jumamosi jioni, nilitoka kwangu Silanga kupeleka suruali ya Mbuthia huko Gatina. Mimi ni fundi wa cherehani, naitwa Wekulo. Nilikuwa na haraka. Nyumbani nilikuwa nimeacha gauni la harusi nusu, la Valary, mchumba wangu, na nilikuwa nimeapa kulishona mwenyewe. Zilibaki wiki mbili.

Mbuthia alikuwa na kompyuta mbili za gemu, moja chumba hiki, nyingine chumba cha pili. Waya ulipita kwenye tundu la ukuta wa mabati, mnawindana kwa bunduki za kwenye skrini bila kuonana.

"Jaribu moja tu, fundi," akasema. "Kuna jamaa huko hajawahi kushindwa."

Ujinga wangu! Nikakaa.

Gemu lenyewe ni la usiku. Giza totoro. Nikaongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho, bado naona weusi tu. Jamaa ananiua. Narudi, ananiua. Mara kumi na moja! Nikapiga meza ngumi.

"Wee, unaonaje kwa hili giza, bana?" nikauliza mabati. Ploti zetu, vyumba vya kupanga vya mabati, ni hivyo. Unapiga stori na jirani kupitia ukuta, mnaombana hata chumvi, na wiki nzima hamjaonana uso.

Sauti ikajibu chinichini, karibu sana na bati.

"Nina macho yake... Unataka nikupe?"

"Leta!"

"Na yako utanipa?"

"Chukua yote, umenichosha!"

Harufu ya majani mabichi na jasho ikaingia kupitia lile tundu. Halafu stima ikapotea.

Mbuthia akaanza kupapasa meza akitafuta kiberiti. Kilikuwa karibu na kiwiko chake. Nilikiona. Niliona hata kifungo cha shati lake kilicholegea uzi.

"Kiko hapo kushoto," nikamwambia.

Mikono yake ikasimama. "Umejuaje?"

Akawasha. Ule moto mdogo wa kiberiti ukanichoma macho kama pilipili, nikapiga nduru.

Tulipoenda chumba cha pili mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu.

"Ni Shivachi, mpangaji wangu," Mbuthia akanong'ona. "Mchana hatoki kabisa. Watu wa kwao walisema ukoo wake ni wa kukimbia usiku, wachawi wanaoona gizani ila jua huwapofusha... mimi nikadhani ni udaku."

Kesho yake Shivachi alionekana barabarani saa sita mchana, ameliinulia jua uso, analia kwa furaha. Hakurudi hata kuchukua godoro.

Nimezunguka kutafuta dawa, jamani! Daktari akamulika tochi, nikamsukuma, akasema macho ni mazima. Mchungaji akaniombea. Mama alikuja kutoka Bungoma, akauliza swali moja tu: "Ulikubali kwa mdomo wako?" Nilipoitikia, akajifunika uso kwa leso.

Mchana nilijifungia, blanketi dirishani. Usiku nilishona bila taa, na sijawahi kushona vizuri hivyo. Lakini nilijilaani. Gemu! Gemu la watu wazima wasio na kazi!

Siku tatu kabla ya harusi Valary alikuja mchana na mamake.

"Siolewi na mtu wa kujificha," akasema mlangoni. "Watu wanasema umerogwa. Nipe gauni nikalijaribu kwa Sella hapo jirani, halafu utoke nje uniangalie. Ukiniona, naziba watu midomo."

Nikampa. Baada ya muda akaniita.

Nikatoka. Jua lilinipiga, kila kitu kikawa moto mweupe. Machozi yakanimwagika. Nilijua yuko mbele yangu kwa harufu ya mafuta yake ya nywele, basi. Nikajikaza, nikatabasamu.

"Umependeza, Valary. Gauni limekukaa."

Mamake alishusha pumzi.

"Wekulo," Valary akanong'ona, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudi nyuma, "sijalivaa. Nimelishika mkononi."