Baba Alisema Hamjui Mortimer

"Simjui huyo."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwa baba yangu…

Alikuwa amelala kwenye hospitali moja kusini mwa Stockholm, mipira ya oksijeni puani, mwili umekwisha kabisa. Nesi alitangulia kuingia, akamwambia kwa Kiswidi kwamba mwanawe, Ludovic Mortimer, amefika.

Baba akanitazama pale mlangoni. Kisha akageukia dirishani.

"Simjui huyo. Mimi sina Mortimer."

Nesi akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jamani, aibu ile! Mama alikuwa ameshuka chini kununua kahawa, hakukuwa na wa kunitetea. Ningeweza kusogea. Ningeweza kumshika mkono tu, basi. Badala yake niligeuka, nikapanda treni na hasira zangu mpaka nyumbani.

Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni kwanza.

Naitwa Ludovic. Wazazi wangu ni Warundi, mimi nilizaliwa kambini Kigoma, nikaletwa hapa Rågsved, Stockholm, nikiwa na miaka saba. Jina langu jingine lilikuwa Havyarimana. Maana yake, Mungu ndiye anayezaa. Majina ya kwetu mengi yana Mungu ndani yake, kwa hiyo hata sikuwahi kulifikiria.

Na mjue kitu kimoja. Sisi hatuna jina la ukoo. Baba yangu ni Juvénal Bigirimana, mama yangu ni Prudence na ana lake, na kila mtoto baba yake humpa lake peke yake.

Nilisomea umeme hapahapa Sweden. Nikamaliza vizuri tu. Nikaomba kazi mwaka mzima… kimya. Wenzangu wa darasa moja waliitwa ndani ya wiki, tena wengine hesabu niliwafundisha mimi.

Ndipo nikamuoa Ella Mortimer.

Mama yake Mswidi, baba yake Mwingereza, wanaishi Spånga. Sheria ya hapa inamruhusu mume kuchukua jina la mke. Mimi nikaona mlango umefunguka.

Baba mkwe wangu, mzee Emery, ana faili nene kuhusu jina lao. Siku moja alinikalisha jikoni akanisimulia. Lilianzia kwenye kijiji cha Mortemer, kule Normandy, Ufaransa. Makarani wa zamani waliliandika kwa Kilatini kama jina la watu wa bahari iliyokufa, ingawa wanaojua wanasema lilikuwa bwawa tu la maji yaliyotuama. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, baadaye akina Mortimer wakapata ardhi na ngome mpakani mwa Wales. Kuna mmoja alishiriki kumwangusha mfalme, akatawala nyuma ya mgongo wa mfalme kijana, halafu mwaka 1330 akanyongwa.

Nilisisimka, siwafichi. Karibu miaka elfu! Wenzangu jina lao lina ngome, langu lina kambi.

Mzee Emery akacheka. Akaniambia wale mabwana waliisha, wa mwisho wa tawi kubwa alikufa mwaka 1425 bila mtoto.

"Sisi si wao," akasema. "Babu wa babu yangu aliokotwa akiwa mchanga. Mtunza farasi mmoja aliyeitwa Mortimer akamlea na kumpa jina. Damu yao sina hata tone. Nina jina kwa sababu kuna mtu alikubali kulitoa."

Nilimwitikia kwa adabu, lakini sikio langu lilishabaki kwenye ngome.

Nikabadilisha jina. Wiki tatu hazikuisha, nikaitwa kwenye usaili. Nikapata kazi.

Jumapili moja baada ya ibada nikawaeleza wazazi, tukiwa mezani na ugali na sombe, yaani kisamvu. Mama akaacha kula. Baba akanawa mikono polepole, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Ludo, kuna mtu amekuambia kitu?"

"Kitu gani, baba? Hakuna. Nilikuwa natafuta kazi tu."

Hakuniamini. Niliona machoni kwamba hakuniamini, na mimi nikapandwa na hasira.

"Baba, mimi na wewe hata majina hayafanani. Nimekukosea nini? Kuna jina lako hapo nimelichukua?"

"Langu hujalichukua," akasema. "Umetupa lile nililokupa."

Akainuka, akaingia chumbani.

Miaka miwili, ndugu zangu. Miaka miwili nikifika nyumbani anatoka kwenda kutembea. Mama akimsihi, anajibu kwamba mtoto mkubwa hashikwi mkono. Nami nikajitia kiburi. Nilimwona mzee mshamba, anagombana na karatasi.

Mpaka ile siku ya hospitali. Kesho yake asubuhi, nikiwa kazini, mama akanipigia.

Baba ameondoka…

Nililia mpaka nikakosa sauti. Lakini mnadhani hicho ndicho kilichonivunja? Bado.

Nilipofika nyumbani, mama alinishika mkono akanikalisha kwenye kiti cha baba.

"Sasa ni lazima nikuambie," akasema. "Nilifika kambini nikiwa na mimba yako. Aliyenipa mimba alinikimbia. Baba yako alinikuta hivyo, akanichukua hivyohivyo. Ulipozaliwa, watu wakawa wanauliza mtoto ni wa nani. Siku ya kukuandikisha, alisimama mbele ya foleni nzima, akataja jina lako kwa sauti. Havyarimana. Hakuna aliyeuliza tena."

Nikainuka kwenye kile kiti.

"Ulipolitupa," akaendelea, "alijua umeambiwa. Alijua umemkataa. Nilimwapia kwamba hujui kitu. Alisema mtoto hawezi kutupa jina lile bila sababu."

Ndugu zangu… alikaa miaka miwili akiamini kwamba nimegundua yeye si baba yangu, na kwamba nimechagua kuondoka. Mimi nilikuwa natafuta kazi tu! Na yale maneno ya mzee Emery kuhusu mtunza farasi, yote niliambiwa mapema, jikoni, na chai mkononi.

Mchana nilirudi hospitali kuchukua vitu vyake. Nesi alikuwa yuleyule. Akanipa mfuko. Miwani, viatu, saa. Kisha akafungua fomu aliyoijaza baba mwenyewe siku ya kulazwa, kwenye nafasi ya ndugu wa karibu, chini ya jina la mama.

Mwandiko wake ule wa kulalia upande. *Havyarimana, mwanangu.* Na namba yangu ya simu, sahihi, ile ambayo hakuwahi kuipiga.

"Huyu mwanawe mwingine," nesi akaniuliza kwa upole, "ameshaambiwa?"

"Ameshaambiwa," nikamjibu. "Ila amechelewa."

Fomu ya kurudisha jina nimeshaituma. Mama anasema baba anajua. Mimi sijui kama anajua, na hicho ndicho kinachonikosesha usingizi.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Wewe unayesoma hapa, kama aliyekupa jina bado yupo, mpigie leo. Muulize kwa nini alikupa hilo na si lingine. Mimi jibu nimelipata kwa mtu mwingine, kwa sababu niliyepaswa kumuuliza tumemzika Ijumaa.