Fidla ya Zulma Ilipokaa Kimya

"Huko Ulaya mwanao hapigi fidla, doña Neli. Anakalishwa tu!"

Jirani yangu Eufronia alinitamkia hayo sokoni, mbele ya wateja wangu wa mikate ya jibini.

Nikamjibu vibaya, jamani... "Unaumwa wivu wewe! Binti yako okestra imemwacha nyumbani, wangu kapanda ndege!"

Lakini nikikanda unga, nikilala, neno lile lipo tu. Anakalishwa... anakalishwa...

Mnaonisoma, mimi shule niliishia ya msingi. Muziki siujui. Ila Zulma wangu namjua. Okestra ya chuo chao cha muziki ilipozunguka miji yetu hii ya Chiquitos, hapa Bolivia, kanisa baada ya kanisa, alipiga mpaka wazee wakavua kofia!

Maestro Hormando, mkuu wa okestra, ndiye aliyekuja nyumbani kumwombea safari ya nje. Akanywa kahawa yangu, akasema taratibu:

"Doña Neli, huko mambo ni tofauti kidogo. Nina ruhusa yako nimpange ninavyoona?"

"Mpange utakavyo, maestro! Ni mwanao!"

Nikamgeukia Zulma. "Na wewe usimbishie maestro kwa lolote. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Wakaondoka. Picha zikaanza kuingia kwenye simu... Zulma mstari wa mbele kabisa! Gauni letu la asili, tipoy, ua jekundu kichwani, upinde wa fidla juu!

Nikakimbia nazo kwa Eufronia.

"Haya, tazama! Nani anakalishwa?"

"Picha haina sauti, komadre," akanijibu, kwa jina tunaloitana sisi majirani.

Nikaondoka nikimsonya.

Zulma akarudi kakonda, haongei. Nikasema ni uchovu wa safari. Ikafika sikukuu ya mtakatifu wetu, kanisa limefurika, nikasimama mwenyewe nikatangaza: Zulma atapiga!

"Mama, leo siwezi."

"Unaturingia siku hizi?"

"Mama, tafadhali..."

"Watu wanasubiri! Unataka Eufronia anicheke?"

Akapanda. Akaweka fidla begani. Mkono ukaenda, ukarudi...

Kimya!

Mkwaruzo mdogo tu, kama mtu anafagia uwanja. Watoto wakaanza kucheka. Mtu nyuma akapiga kelele, "Ongeza sauti, binti wa Ulaya!" Na mwanangu bado anavuta upinde, anavuta tu, kichwa kakiinamisha...

Nikamtoa nje kwa mkono.

"Nini hii, Zulma?!"

"Sabuni, mama."

"Sabuni gani?"

"Sisi wa mstari wa mbele, maestro alitupaka sabuni kwenye nywele za upinde. Upinde ukipakwa sabuni unateleza, hautoi sauti, na sabuni yenyewe haitoki. Huko Ulaya walitaka sura zetu na magauni yetu tu. Waliopiga ni watu wazima wa kukodi kutoka mjini, walikaa nyuma yetu."

"Maonyesho yote?!"

"Yote."

"Na wewe ukakubali?!"

Akaniangalia, jamani... yale macho sitayasahau.

"Si ulinikataza kumbishia, mama?"

Nikakaa pale pale kwenye ngazi za kanisa.

Eufronia akaja, akakaa pembeni yangu. Hakucheka.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Binti yangu alipakwa sabuni kwenye mazoezi ya mwisho. Akaja kunililia. Nikamwambia akatae... Ndiyo maana akaachwa, komadre. Na wewe ukanitangazia soko zima kwamba kaachwa."

Siku hizi binti yake anapiga kila Jumapili kanisani.

Upinde wa Zulma nimeupeleka mjini Santa Cruz, umewekwa nywele mpya. Upo ukutani. Hajaugusa. Anakanda unga na mimi, na redio ikitoa fidla anainuka kuizima.

Wazazi wenzangu, haya msiyafanye:

Usimwambie mwanao asimbishie mwalimu kwa lolote.

Usiseme "mpange utakavyo" kabla hujauliza atapangwaje.

Usitosheke na picha. Uliza umepiga nini, na mwambie akupigie.

Mtoto akisema leo siwezi, usimpandishe mbele za watu.

Usimtukane anayekuletea habari mbaya kabla hujamuuliza ameijuaje.