Hodi Barazani kwa Siwema

Kosa lenyewe lilikuwa adabu tu. Mtu alibisha hodi wakati mvua inapiga bati kwa fujo na jua linazama nyuma ya msitu wa Walikale, na Siwema binti Rajabu, mzaliwa wa Ujiji, akajibu kutoka jikoni kama alivyofundishwa na mama yake tangu hajaota meno: "Karibu! Karibu ndani!"

Hakuna aliyeingia. Mlango ulikuwa na komeo na komeo halikuguswa. Lakini alipotoka jikoni akijipangusa unga mikononi, alikuta nyayo za maji juu ya saruji, nyayo za mtu asiye na viatu. Zilitoka mlangoni, zikapita meza ya kupokelea wageni, zikaingia chumba namba nne. Akachungulia. Hapakuwa na mtu. Godoro tu lilikuwa limebonyea upande wa miguuni, na pale lilipobonyea limelowa chapachapa.

"Bati linavuja," akajiambia, akaenda kutafuta ndoo. Mtu aliyekodi nyumba kwa mali yake yote angejiambia nini kingine?

Maana ilikuwa ni mali yake yote kweli. Miaka ile baada ya vita, mji wa Mubi ulijaa watu kuliko vitanda. Mawe ya madini yalitoka machimboni msituni migongoni mwa wapagazi, malori yalilala matopeni, na kila mnunuzi alitafuta pa kuweka kichwa. Siwema, mjane aliyezoea kuvuka ziwa na marobota ya vitenge, aliuza nyumba aliyoachiwa na mama yake Ujiji, akaja kukodi nyumba ya wageni ya vyumba sita. Kaka zake walimwambia waziwazi kwamba akishaiuza asirudi kuomba hata sahani ya wali. Basi ikawa hivyo: nyumba ya Mubi ikifa, naye amekwisha.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Kahambu, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni, mwenye duka na lori hapo Mubi. Siku ya kusaini mkataba hakuuliza Siwema ni mke wa nani wala ana vibali gani. Aliuliza jambo moja, macho yake yakiwa mezani.

"Kwenu kule, mama, muntu akibisha hodi, munamuitikaka namna gani?"

"Tunamkaribisha," Siwema akacheka. "Kuna jibu lingine?"

"Basi weye njo muntu nilikuwa natafuta."

"Njo" ya huku ndiyo "ndio" ya kwao, na Siwema alidhani amesifiwa. Masikini, alifurahi mpaka akanunua soda.

Siku ile ya nyayo, Kétsia alirudi kutoka sokoni na majani ya sombe, kisamvu cha huko, kichwani, akazikuta bado hazijakauka. Kétsia alikuwa mpishi wake na, kusema kweli, mtu wake wa pekee Mubi nzima. Vita vilimtoa Kashuga, kule Masisi, vikamfanya mjane, lakini havikuweza kumnyang'anya kicheko chake, ambacho ukiwa sokoni ungekisikia. Siwema alimfundisha kupika chapati za kusukuma. Ya kwanza kila siku iliungua, na kila siku Kétsia aliila mwenyewe, akisema iliyoungua ni haki ya mpishi.

Siku hiyo hakucheka. "Dada, uliitika?"

"Mtu abishe nisiitike? Mimi mshenzi?"

"Ulimuuliza jina?" Kétsia alikuwa ananong'ona sasa. "Huku hatuitikake hodi ya magaribi. Mu vita walikuwa wanakamata jirani yako, wanamuleta ku mulango yako na bunduki mu mugongo, wanamuambia, bisha, waite. Unafungula sababu unayua sauti, munakufa wote. Hata mama yako akibisha, unalala chini, unanyamaza."

"Haya, nimeitika. Huyo mtu mwenyewe yuko wapi?"

Kétsia alitazama mlango wa namba nne, akaweka majani chini taratibu. "Iko ndani, dada. Si njo weye ulimuita?"

Harufu ilianza kwanza. Nguo zilizolowa na kuanikwa ndani, tope la msituni, na chini yake harufu ya chuma, kama ya mikono iliyoshika misumari mchana kutwa. Siwema alianika godoro, akasugua sakafu, akahamisha kitanda. Kesho yake kikawa kimelowa tena. Papa Omer, mnunuzi wa mawe, mtu mzima asiyeogopa askari wala simba, alilala namba nne usiku mmoja akatoka alfajiri na viatu mkononi.

"Mama, muko na muntu mu ile shambre namba nne," akasema kwa sauti ya chini, huku akitazama nyuma. "Anaikala ku miguu ya kitanda. Anatoka mayi tu. Niliwasha toshi, ikazima."

Halafu ikaja ile ya sauti. Wageni walikuwa wakibisha mlango wa mbele na kabla Siwema hajafumbua mdomo walijibiwa kutoka namba nne, "Karibu! Karibu ndani!", kwa sauti ya Siwema mwenyewe, lafudhi yake ya Ujiji na ule mvuto wake wa mwisho, ila imelowa, sauti ya mtu mwenye maji kooni, na mgeni aliyesikia akaingia alimkuta Siwema amesimama mbele yake mdomo umefumba na mkono kifuani, akamtazama, akatazama ule mlango uliofungwa mwisho wa ukumbi, akarudi kinyumenyume mpaka barazani, akarudi mvuani. Habari zikaenea. Waendesha pikipiki wakaacha kuleta abiria. Vyumba vikabaki vitupu na maji yakawa yamemfika Siwema shingoni.

Alifukiza ubani. Alisimama ukumbini akasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, machozi yakimtoka kwa hofu, na mle chumbani kukawa kimya kabisa, kimya cha mtu anayesikiliza. Alipomaliza, sauti yake mwenyewe ikamwambia kwa upole, "Karibu."

Asubuhi hiyo alikwenda dukani kwa Mama Kahambu bila hata kujifunga mtandio vizuri. "Umenikodisha jini," akamwambia mbele ya wateja. Mama Kahambu akawatoa wateja, akafunga duka, akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Ile haiko jini. Ile njo Émile, mudogo wangu." Alishika rozari yake lakini hakusali. "Wakati wa vita nilikuwa naikala mu ile nyumba. Wenye bunduki walishambulia lori yangu ku njia, yeye akakimbia mu mvua mupaka ku baraza. Akabisha. Akaniita, yaya, dada yangu, fungula, njo mie. Nikalala chini. Nilijua njo yeye, dada, na sikufungula. Wakamumalizia pale."

Siwema aligeuka akautazama mlango wa duka uliofungwa.

"Tangu siku ile, mvua ikinyesha magaribi, anabisha. Miaka yote. Muntu wa hapa hawezi kumuitika. Nikasema, nitatafuta mugeni, muntu wa mahali wanaitikaka hodi, amuingize mudogo wangu ndani, asilowe tena."

"Si ungemwitika wewe!"

"Nilimuitika mupaka sauti ikakauka. Haisikie. Wakati alikuwa anaitaka ile karibu yangu, sikumupa."

Hasira ya Siwema ilikuwa tayari mdomoni lakini ilikosa pa kutua. Alimwona mwanamke yule mnene mwenye lori, amejikunja juu ya gunia, akamchukia na kumhurumia kwa pamoja. Akatoka.

Mganga aliyemwendea alikuwa Nyiransabimana, bibi wa Masisi aliyeishi kwenye hema la turubai nyuma ya soko. Usimtafutie upole, hakuwa nao. Alinusa ukumbi wa Siwema, akakohoa, akasema, "Ilianzaka kama muntu. Sasa miaka ya kusimama ku mulango imeifanya kitu ingine. Iliingia na neno yako, itatoka na neno yako." Akamwaga majivu kwenye kizingiti cha namba nne, akamsimamisha Siwema pale, akamlisha maneno ya kusema.

"Toka," Siwema akasema. "Sikujui. Sikukuita."

Mlango wa namba nne ukafunguka wenyewe. Nyayo zikatokea juu ya saruji, moja baada ya nyingine, zikiacha tope kwenye majivu, zikapita kando yake na ubaridi uliomsimamisha nywele, zikatoka nje. Na wallahi, Siwema alisikia mtu analia kidogo, kama mtoto aliyefukuzwa mezani.

"Sasa njo kazi inaanza," akasema bibi. "Itarudia kubisha. Itaazima sauti ya muntu unapenda, itasema mambo ya siri yenu. Usiitike. Usifungule mupaka sakafu ya hii shambre ikauke. Ukiitika mara ya pili, haitatoka tena, na weye njo utalowa. Na ubakie peke yako. Ule mwenzako atoke."

Kétsia akafunga kanga yake, akachukua chapati iliyoungua ndani ya karatasi, akapanda pikipiki kwenda kwa rafiki yake, kijiji cha Mpofi. "Ikikauka unitumie habari, dada," akasema. "Mie siyui kukala bila kukuchokoza."

Magharibi ya kwanza kitu kile kilibisha kwa sauti ya mama yake Siwema, na kikohozi chake kilekile cha tumbaku. Siwema alilala kifudifudi sakafuni, kama watu wa Mubi walivyolala miaka ile, akauma upindo wa kanga. Magharibi iliyofuata alikuja marehemu mume wake, akamwita kwa jina la chumbani ambalo hakuna mtu hai aliyelijua, akamwomba maji. Siwema alilia mpaka akatapika, lakini hakuitika. Kila asubuhi aligusa sakafu ya namba nne. Ilikuwa bado mbichi, lakini inakauka kuanzia pembeni.

Kisha ikaja siku ambayo mchana ulisikika mlio wa bunduki upande wa Mpofi. Watu wakafunga maduka, mvua ikashuka, na giza likaja mapema. Mubi nzima ikanyamaza.

"Hodi."

Siwema akalala chini.

"Dada. Njo mie, Kétsia. Fungula."

Alijiziba masikio na bado alisikia, maana sauti ilikuwa chini, pale pale ulipo mwanya wa mlango, ya mtu aliyekaa ama aliyeanguka, na ilisema kwamba Mpofi wamekimbia, kwamba ameumia mguu njiani, kwamba amepita nyumba nyingi na hakubisha hata moja kwa sababu anawajua watu wake, hawatafungua, amekuja hapa kwa kuwa Mubi yote anaijua nyumba moja tu ambapo mtu akibisha anaitikiwa, na Siwema akiwa amegandisha shavu kwenye saruji alijiambia ndiyo hiyo, ndiyo ile aliyosema bibi, itakuja na mtu unayempenda, itasema ya siri, usiitike, usiitike.

"Dada, unafikiri haiko mie? Uliza. Ile chapati ya kwanza, yenye kuungua, nani anaikulaka?"

Siwema aliinuka. Tuseme ukweli, aliinuka, akafika mlangoni, akashika komeo. Likawa la baridi. Akakumbuka mume wake alivyolijua jina lile la chumbani. Akakumbuka nyumba ya Ujiji na kaka zake na sahani ya wali. Akaliachia komeo, akarudi kulala chini.

"Dada, mvua inanipiga," sauti ikasema. Baadaye haikusema tena.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Siwema alikwenda moja kwa moja namba nne akaweka kiganja chini. Sakafu ilikuwa kavu, kavu kabisa hadi katikati, na harufu imekwisha. Alicheka peke yake kama mwehu. Amepona. Nyumba imepona. Akakimbilia mlango wa mbele kupeleka habari Mpofi, akatoa komeo, mlango ukagoma, kuna kitu kimeuegemea. Akasukuma.

Kétsia alikuwa ameketi barazani, mgongo mlangoni, kanga imekazwa pajani na imelowa damu na maji. Mkononi alishika karatasi iliyokuwa na chapati. Muuguzi aliyekuja kumtazama alisema risasi haikuwa mbaya. Angefungwa vizuri mapema, angepona. Alisema bila kumlaumu mtu, akaondoka, na hilo Siwema hakumsamehe kamwe.

Wageni walirudi. Namba nne ikalaliwa na watu wazima wakakoroma. Lakini mvua ikinyesha jua likizama, barazani mtu hubisha, taratibu, chini kabisa ya mlango. "Dada, njo mie." Siwema huitika. Huitika kwa nguvu zake zote, karibu, karibu Kétsia, karibu ndani mwenzangu, hufungua mlango hadi mwisho na mvua humlowesha yeye. Baraza huwa tupu. Akifunga, hodi huanza upya. Wageni husikia, hulala chini wakanyamaza, kama walivyozoea.

Alimwendea Nyiransabimana. Bibi hakuacha hata kuchambua maharagwe yake. "Wakati alikuwa anaitaka, haukumupa. Sasa inaomba kinywa ingine." Na Siwema alijua ni kinywa cha namna gani, na kwamba kikishaitika kitakuwa kimejifungia naye ndani.

Siku moja alipanda kilima cha mtandao nyuma ya soko, mahali watu wanaposimama kupiga simu, akapokea simu ya kijana wa Buyenzi, Bujumbura, aliyesikia Siwema anatafuta wa kumwachia nyumba ya wageni ya Mubi. Sauti yake ilikuwa changa, ya heshima. Aliuliza habari za vyumba, za njia, za usalama. Siwema alimjibu yote. Chini yake aliliona bati la nyumba yake, na mawingu yakishuka kutoka msituni.

"Na mimi nina swali, mwanangu," akasema. "Kwenu huko, mtu akipiga hodi, mnamjibu nini?"

Kijana akacheka. "Karibu, mama! Kuna jibu lingine?"

Siwema alifumba macho. Aliishusha simu hadi kifuani, na kijana akadhani mtandao umekatika, akaita, "Mama? Mama, uko?"

"Niko. Njoo upesi," akasema. "Kuna mtu ananyeshewa."

Kijana alidhani ni utani wa watu wa huko, akacheka tena, akasema anakuja.