Kipande cha Kumi na Mbili

Jua lilikuwa linazama, saruji inaanza kukauka, na Kunigunda alikuwa bado anapangusa kwa kitambaa vipande vilivyobandikwa ukutani.

Ukuta huo wa kumbukumbu ulisimama karibu na kanisa la kijiji cha Mapera, kwa ajili ya watu kumi na mmoja waliofukiwa na udongo masika yaliyopita. Kila nyumba ilileta kipande cha chombo cha marehemu wake. Sahani, bakuli, kikombe. Mzee Ignatio, fundi, aliweka sharti moja tu: anayebandika ndiye anayetaja jina. Kunigunda, aliyeacha shule kidato cha pili baba yake alipofukiwa, alikuwa amebandika bakuli la baba mchana ule. "Urbani," alisema, akalia kidogo, akaendelea na kazi.

"Wewe binti, ukizidi hivi utaninyang'anya ufundi," Mzee Ignatio alimtania. "Ngoja nikachote maji."

Kunigunda akabaki peke yake.

Ndipo ikaja harufu ya udongo mbichi. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima...

"Hodi, mwanangu."

Alikuwa mama mmoja aliyejifunika kitenge hadi machoni. Kunigunda hakusikia hatua zake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinyoosha mkono. Kiganjani mwake kulikuwa na kipande cha kikombe chenye jogoo mwekundu.

Kunigunda alikijua. Asubuhi ile mdogo wake Natalia, mtoto wa miaka minne, alinywea uji humo.

"Wametimia, mama," alinong'ona. "Kumi na mmoja."

"Mlihesabu wenye ndugu. Mimi nilikuwa kibarua tu kwenye shamba la kahawa, nani angeniulizia? Kule chini kuna baridi... Nataka mwenza wa kukaa naye. Bandika. Taja jina la mtoto."

"Sitaki."

"Basi nitamtaja mwenyewe."

Akafungua kinywa. Kilijaa udongo.

"Nata..."

Kunigunda alimpokonya kipande, akakigandamiza ukutani, akataja kwa kelele jina la kwanza lililomjia.

"Kunigunda!"

Mama yule alimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomtia hofu kuliko yote.

"Haya. Hata wewe unafaa."

Mzee Ignatio aliporudi na ndoo, hapakuwa na mtu mwingine. Alimsikiliza Kunigunda akimsimulia, akachukua patasi, akajaribu kukibandua kile kipande. Saruji ilikuwa bado laini, lakini kipande hakikutikisika hata kidogo.

"Ulitaja nani?"

Alipomwambia, mzee alifanya ishara ya msalaba.

Nyumbani Natalia alikuwa mzima, anarukaruka, anaulizia kikombe chake.

Jumapili ukuta ulibarikiwa. Katekista alisoma majina kumi na moja, na kwa kila jina watu waliitikia, "Apumzike kwa amani." Kisha akageuza karatasi.

"Kunigunda."

"Apumzike kwa amani," watu waliitikia kwa sauti moja.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mama yake naye aliitikia, huku amemshika Kunigunda mkono.