Jina Baada ya Picha ya Mwisho

Mwandishi wa filamu alikutwa saa moja asubuhi, kichwa juu ya meza yake ya kazi, kisogo kimepasuka. Nyundo ilikuwa chini ya kiti. Aliyemuua hakutosheka na roho. Alimponda pia vidole vya mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine. Inspekta, mwanamke mkavu asiyependa porojo, alivitazama vidole vile akavihesabu, vyote vitano.

Majirani walikuwa na mtu wao tayari: shemeji ya marehemu, aliyekuwa akilala sebuleni tangu afukuzwe kazi. Walishamsikia akiapa kumvunja marehemu shingo, na shati lake lilikuwa na damu. Alisema alirudi asubuhi kutoka kwenye ulevi wake, akamwinua akidhani yu hai. Askari wakamcheka usoni, na kufikia mchana walishamng'oa jino.

Inspekta hakuridhika. Mlevi mwenye hasira hupiga akakimbia, hakai kushughulika na vidole. Alimfuata mjane, ambaye usiku ule alilala na watoto kwa mama yake, akamuuliza mumewe aligombana na nani mwingine. Mjane aliwasha televisheni, akaitafuta filamu ya mumewe kwenye huduma ya kukodi filamu mtandaoni, akaisogeza mpaka mwisho. Picha ya mwisho haijatulia, ikakatwa, filamu nyingine ikaanza.

"Jina lake liko hapo mbele, kwenye orodha ya walioitengeneza," alisema mjane. "Huduma hii haimfikishi mtu huko, ubonyeze usibonyeze. Na ukisoma maelezo ya filamu, mwandishi na mwongozaji ni mtu mmoja. Rafiki yake."

Asubuhi hiyo hiyo marehemu alikuwa apeleke rasimu zake kwa wenye huduma, kuthibitisha kuwa yeye ndiye aliyeandika. Sasa rasimu hazikuonekana. Mjane hakuomba fidia wala kisasi. Alitaka watoto walisome jina la baba yao pale. Inspekta akamwambia litawekwa. Alisema upesi mno.

Mwongozaji alifika kituoni saa tisa, kwa hiari yake, macho mekundu.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Nilitazama filamu yetu. Waulize wenye huduma."

Inspekta alikwisha kuwauliza. Filamu ilichezwa kwake kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne kasoro, na kwa kauli ya daktari mwandishi aliuawa katikati ya saa hizo.

"Uliitazama yote?"

"Yote. Jina lake lilipopanda mwishoni, nililia kama mtoto."

"Kwenye huduma hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Inspekta aligeuza kompyuta ikamwelekea, akacheza mwisho wa filamu. Ikakatwa. Akacheza tena, ikakatwa tena. Mara ya tatu mwongozaji alikuwa anatazama sakafu.

"Uliiwasha ukaondoka," alisema Inspekta. "Hilo jina hakuna aliyewahi kuliona hapa."

Alikiri bila kulia. Yeye ndiye aliyejaza maelezo ya filamu akajiita mwandishi, na kwa sifa hiyo akapewa filamu nyingine mbili aandike. Alikwenda kumbembeleza rafiki yake anyamaze, nyundo ikiwa mkobani endapo angekataa. Rafiki alimcheka, akamwambia hawezi kuandika hata barua ya kuomba likizo. Ndiyo maana ya vidole. Rasimu alizichoma.

Shemeji aliachiwa, bila jino na bila mtu wa kumwomba radhi.

Likabaki jina. Wenye huduma walisema wao hufuata maelezo waliyojaziwa tu, si orodha ya mwishoni wala maungamo ya polisi. Labda aliyejaza maelezo ayabadilishe kwa saini yake. Inspekta akamwekea mwongozaji karatasi mezani, mjane amesimama mlangoni akingoja.

"Kuua nimekiri," alisema mwongozaji, akiisukuma irudi. "Kuandika simpi. Nifungeni maisha, jina langu litabaki pale."

Inspekta aliikunja karatasi ile isiyo na saini, akamsindikiza mjane mpaka nje. Wiki ile filamu iliongoza kwa kutazamwa. Kila mtu alitaka kuona kazi ya mwandishi aliyeua.