Bundi wa Lukresia

Soko la Mbinga lilifurika Jumamosi ile, lakini mbele ya Lukresia palikuwa peupe. Watu walizitazama picha zake kwa pembeni: bundi, paka weusi, fisi waliopandwa na wachawi. Mama mmoja alimziba mwanawe macho. Ndipo akachuchumaa mwanaume mrefu, shati jeupe limenyooka, vidole vina chaki.

"Dada, huyu fisi mbona ana huzuni hivi?"

"Mchawi anampanda usiku kucha. Nani amewahi kumuuliza kama amechoka?"

Mwanaume alicheka. "Naitwa Raimundi, nafundisha shule ya Lundo, kule Ziwa Nyasa. Na wewe je, nani amewahi kukuuliza?"

Hakuna. Tangu wazazi wake walipofariki, Lukresia aliishi na rangi zake. Hata kanisani, benchi alilokalia halikujaa.

Raimundi alinunua picha ya bundi, akampelekea mama yake kule ziwani. Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umelala, kipusa?"

"Nitalalaje, na wewe hunyamazi?"

Wakapanga Jumapili ya kumtambulisha Lukresia nyumbani kwao Raimundi. Lukresia akashona gauni la kitenge cha bluu, kiuno kimebana, mikono ya puto.

Ijumaa simu ikaita.

"Lukre, usije."

"Kuna nini?"

"Mama anaumwa. Usije tu, mpenzi."

"Wanasema bundi wangu ndiye aliyemroga?"

Raimundi aliishia kuita jina lake. Lukresia akakata, na simu zote zilizofuata hakupokea.

Wiki tatu baadaye Scholastica, dada yake Raimundi aliyeolewa Mbinga, alimfuata sokoni.

"Wifi, majirani waliapa kukupiga mawe ukikanyaga Lundo. Kaka aliona aibu kukwambia kwetu kuko hivyo."

Siku hiyohiyo Lukresia alivaa gauni lake, wakashuka pamoja ziwani. Raimundi alipomwona mlangoni alimkimbilia. Akamshika mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwa malaria tu, nimepona. Picha yako nimeificha uvunguni. Bundi simwogopi, naogopa watu."

Asubuhi wapenzi walitembea ufukweni. Tangu mama apone hakuna aliyeshika jiwe, lakini wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliwaita watoto wao ndani.

"Nataka kukuoa, Lukre. Tuishi hapa, siwezi kumwacha mama peke yake. Ila chora vitu vingine. Samaki, maua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wasahau."

Lukresia alimfuta machozi kwanza, ya kwake akayaacha. "Upweke wa kukaa peke yangu nimeuzoea, Raimundi. Lakini kulala ubavuni mwako huku nimejificha, huo siuwezi."

Raimundi hakumbembeleza. Alimsindikiza mpaka kituoni, akasimama palepale hadi basi likapotea mlimani.

Jioni, Lukresia alikuwa hajavua hata viatu simu ilipoita.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Nitakula."

Hakuna aliyeongeza neno, na hakuna aliyekata simu.